Kilomita 385 za Kaskazini ya Mbali

Fungueni atlasi, wanangu, mtafute Kanada. Mkishaiona, pandisheni kidole kuelekea kaskazini. Piteni misitu, piteni mahali ambapo miti inaacha kabisa kuota, mpaka nchi kavu ianze kuvunjikavunjika kuwa visiwa. Huko juu, katika eneo linaloitwa Nunavut, kuna vijiji viwili ninavyotaka mvijue. Cha kwanza ni Resolute, kwenye kisiwa cha Cornwallis. Cha pili ni Grise Fiord, kwenye pwani ya kusini ya kisiwa cha Ellesmere, na hakuna makazi mengine ya raia nchini Kanada yaliyo kaskazini kuliko hayo. Wainuit, wenyeji wa kaskazini hiyo, huviita Qausuittuq na Ausuittuq. Sensa ya mwaka 2021 ilikuta watu 183 katika kijiji cha kwanza na 144 katika cha pili.

Hakuna barabara kati yao. Nunavut nzima ina makazi 25, na hakuna hata mawili yaliyounganishwa kwa barabara. Anayetaka kutoka Resolute kwenda Grise Fiord hupanda ndege ndogo, au, akiwa mwindaji anayeijua barafu, huvuka bahari iliyoganda kwa pikipiki ya theluji. Basi swali letu la leo ni jepesi kulitamka: ni mbali kiasi gani, na ndege huchukua muda gani? Jibu la haraka ni kilomita 385 hivi, na saa moja na nusu hivi. Lakini ndani ya jibu hilo fupi kuna umbo la dunia, kuna upepo na sumaku, na kuna kisa cha watu waliotenganishwa ambacho ningependa kila kijana akisikie. Twende polepole.

Tuanze na rula. Ramani kubwa ya dunia iliyobandikwa ukutani darasani ina kasoro ambayo walimu wengi huitaja upesi wakapita. Juu yake Greenland huonekana kama inatoshana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuipita mara 14 hivi. Mchoraji alilazimika kuitandaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa, na katika kufanya hivyo nchi za kaskazini zikavutwa upande na upande mpaka zikanenepa. Ukipima safari ya kaskazini kwa rula juu ya ramani ile, utadanganyika.

Tazameni. Resolute iko karibu na longitudo ya nyuzi 95 magharibi, Grise Fiord karibu na nyuzi 83. Tofauti ni nyuzi 12. Kwenye Ikweta, pale Nanyuki kwa mfano, uzi mmoja wa longitudo ni kilomita 111. Kwa hesabu hiyo nyuzi 12 zingekuwa kilomita 1,300 na zaidi, na rubani angehitaji ndege nyingine kabisa. Mbona basi safari ni kilomita 385 tu?

Menya chungwa ujionee. Vipande vyake vimenenepa katikati na kukonda kadiri vinavyopanda, mpaka vyote vinakutana kwenye kikonyo. Mistari ya longitudo iko hivyohivyo: imeachana kwa upana wake wote kwenye Ikweta, halafu inakaribiana, na kwenye Ncha ya Kaskazini inakutana yote. Kwa hiyo uzi mmoja wa longitudo hauna urefu mmoja duniani kote. Huko Resolute una kama kilomita 29, na Grise Fiord kama kilomita 26.

Sasa mnaweza kufanya hesabu wenyewe, na nawasihi mchukue kalamu msiniamini tu. Kutoka kusini kwenda kaskazini, vijiji hivi vimeachana kwa nyuzi 1.71 za latitudo, na uzi wa latitudo hubaki karibu kilomita 111 popote ulipo. Hiyo ni kilomita 190. Kutoka magharibi kwenda mashariki ni nyuzi 12, kila mmoja kilomita 28 kwa wastani: kilomita 336. Mmepata pembetatu yenye pembe mraba, na mnaotaka kujua urefu wa upande mrefu mnajua la kufanya. Zidisha 190 kwa 190, zidisha 336 kwa 336, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Utapata 386. Ukitumia kanuni ngumu zinazozingatia kwamba dunia ni tufe lililobonyea kidogo kwenye ncha zake, utapata takriban 385. Kwa kalamu na kipande cha karatasi umekosea kilomita moja. Mimi huona jambo hili ni zuri mno: mtoto aliyeketi Tabora au Kisangani anaweza kupima umbali kati ya vijiji viwili vya barafu bila kuinuka kwenye dawati lake.

Kuna ajabu nyingine kwenye mstari huo. Rubani akiruka kutoka Resolute kwa njia iliyonyooka kabisa, ataanza akielekea kaskazini mashariki, nyuzi 55 hivi kutoka kaskazini halisi. Akifika Grise Fiord, bila kupinda hata kidogo, atajikuta anaelekea nyuzi 66. Hakugeuza usukani. Ile kaskazini yenyewe ndiyo iliyogeuka chini yake, kwa sababu kila mstari wa longitudo anaouvuka unaielekea Ncha kwa upande wake. Huku kwetu karibu na Ikweta, rubani wa kutoka Mombasa kwenda Kisumu halioni jambo hili. Kule juu, rubani anayelisahau atapotea.

Na dira haimsaidii. Sindano ya dira huvutwa na sumaku ya dunia, na ncha ya sumaku ya kaskazini haiko mahali pamoja na Ncha ya Kaskazini ya kijiografia, tena haitulii. Mwaka 1831 Mwingereza James Clark Ross aliikuta kwenye rasi ya Boothia, kusini ya Resolute. Tangu hapo imekuwa ikihama. Ilipita katikati ya visiwa hivihivi tunavyovizungumzia, ikaendelea kaskazini, na sasa imeshavuka upande wa pili kuelekea Siberia. Ukiwa karibu na ncha hiyo, nguvu ya sumaku haiivuti tena sindano kuelekea mbele, inaivuta chini, nayo huyumbayumba isijue pa kuelekea. Ndiyo maana Kanada imeligawa anga lake la kaskazini likawa na kanuni zake: huko marubani huongozwa na kaskazini halisi, na hata namba zinazochorwa kwenye njia za kurukia ndege hufuata kaskazini halisi. Zamani rubani alitazama jua au nyota kwa kifaa maalumu ili ajue ameelekea wapi. Siku hizi ana setilaiti.

Msidhani haya ni mambo ya vitabuni tu. Tarehe 20 Agosti 2011 ndege ya abiria aina ya Boeing 737 ilikuwa inajiandaa kutua Resolute, mawingu yakiwa chini. Mfumo wake wa dira ulikuwa umepotoka kwa nyuzi 17, na mtambo wa kuiongoza ndege yenyewe ukaacha kuufuata mstari wa kuelekea uwanjani bila marubani kugundua mapema. Ndege ilienda upande wa mashariki, ikagonga kilima. Watu 12 walikufa kati ya 15 waliokuwamo. Wachunguzi walieleza kwa kirefu jinsi kosa dogo la mwelekeo lilivyokutana na makosa mengine. Nimewasimulia hili kwa heshima ya waliofariki, na ili mjue kwa nini wanaoruka kule hurudia hesabu zao mara mbili na tatu.

Haya, tumejua umbali na tumejua upande. Sasa muda.

Ndege inayofanya kazi hii kwa kawaida ni Twin Otter, iliyobuniwa hukohuko Kanada na kuruka mara ya kwanza mwaka 1965. Ina injini mbili za mapangaboi, hubeba watu hadi 19, na sifa yake kubwa ni kwamba inaweza kutua mahali pafupi na pabaya. Unaweza kuifunga magurudumu mapana ya kutulia kwenye kokoto, au miguu ya kuteleza kwenye theluji, au maboya ya kuelea majini. Wakenya wengine wanaifahamu kwa macho: ndege za aina hii huruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, zikipeleka wageni Maasai Mara.

Twin Otter ikishapanda na kutulia hewani huenda kama kilomita 280 kwa saa. Gawanya 385 kwa 280, utapata saa moja na dakika 22 au 23. Lakini hiyo ni siku ambayo hewa imelala, na hewa ya kaskazini hulala kwa nadra. Tuseme kuna upepo wa kilomita 50 kwa saa unaovuma kutoka Grise Fiord. Mabaharia wa pwani yetu wangeuita upepo wa mbisho, ule unaokujia usoni. Ndege bado inaikata hewa kwa kilomita 280, ila hewa yenyewe inarudi nyuma, hivyo juu ya ardhi inasonga kilomita 230 tu kwa saa. Safari inakuwa saa moja na dakika 40. Wakati wa kurudi, upepo uleule unaisukuma kwa nyuma, mwendo unafika kilomita 330, na safari ni saa moja na dakika 10.

Hapo vijana wengi husema: basi upepo unapoteza ukienda na kurudisha ukirudi, mwisho wake sawa. Fanyeni hesabu. Siku isiyo na upepo, kwenda na kurudi ni dakika 165. Siku ya upepo ni 100 na 70, yaani 170. Dakika 5 zimepotea. Sababu ni kwamba ukiwa kwenye mbisho unakaa muda mrefu zaidi ndani ya taabu, na upepo ukikusaidia unakusaidia kwa muda mfupi tu, maana unafika upesi. Upepo ukiwa mkali zaidi, hasara hukua. Jambo hili ni la kweli kwa jahazi, kwa mwogeleaji mtoni na kwa mwendesha baiskeli, na mtu akikuahidi kwamba upepo hulipa madeni yake yote, mwonyeshe karatasi yako.

Chini ya ndege, wakati huo wote, kuna nini? Kwanza bahari, iliyoganda au yenye vipande vya barafu vinavyoelea, kutegemea mwezi. Kisha kisiwa cha Devon, chenye kilomita za mraba 55,000 hivi, ambacho ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani kisichokaliwa na watu. Si mbali na njia ya ndege kuna shimo la Haughton, lenye upana wa zaidi ya kilomita 20, lililochimbwa na jiwe kubwa lililoanguka kutoka angani mamilioni ya miaka iliyopita. Mahali hapo ni pakavu, pa baridi, pasipo na miti wala njia, kiasi kwamba wanasayansi wa Marekani na Kanada wamekuwa wakienda kujifunza huko namna binadamu anavyoweza kuishi na kufanya kazi kwenye sayari ya Mirihi. Baada ya Devon kuna mlango wa bahari wa Jones, na ng'ambo yake milima ya Ellesmere inasimama wima kutoka majini. Chini ya milima hiyo ndipo penye Grise Fiord.

Na hapa rubani hujifunga mkanda vizuri. Uwanja wa Resolute una njia ya kokoto yenye urefu wa karibu kilomita mbili, kwa sababu mahali hapo palianza mwaka 1947 kama kituo cha hali ya hewa na uwanja wa ndege, watu wa kuishi wakaja baadaye. Uwanja wa Grise Fiord una njia ya kokoto isiyozidi sana mita 500. Milima imeuzunguka, na upepo ukishuka kwenye miteremko hupiga kutoka upande usioutarajia. Si kila rubani anaruhusiwa kujaribu. Anayeruhusiwa hufundishwa mahali hapohapo, afahamu kila kilima na kila tabia ya hewa, na akiona mawingu yamefunika lango hukata shauri kurudi.

Arudi wapi? Jirani aliye karibu ni kule alikotoka, Resolute. Kwa hiyo ndege inayoondoka kwa safari ya dakika 82 hubeba mafuta ya kwenda, mafuta ya kurudi, na akiba juu yake. Mafuta ni mazito, na kila kilo ya mafuta huchukua nafasi ya kilo ya mzigo. Siku ambayo hewa inatia shaka, sanduku la matunda au begi la abiria linaweza kubaki Resolute likisubiri ndege ijayo. Mtoto wa Grise Fiord anayekosa machungwa wiki hii anayakosa kwa hesabu hizihizi tulizozifanya.

Jambo moja dogo kabla hatujaendelea, kwa wanaopenda mafumbo. Vijiji hivi viwili havifuati saa moja: Grise Fiord iko mbele ya Resolute kwa saa moja. Ukiondoka Resolute saa nne asubuhi na kuruka kwa saa moja na dakika 22, utakuta saa ya Grise Fiord inasema saa sita na dakika 22. Ukirudi kwa kuondoka saa nane mchana, utafika Resolute saa nane na dakika 22, kana kwamba umeruka dakika 22 tu. Na sisi tunaohesabu saa kuanzia jua linapochomoza tungepata kazi huko, kwani kuanzia mapema Novemba hadi Februari jua halichomozi kabisa Grise Fiord, na wakati wa kiangazi hupita miezi mitatu na zaidi bila kuzama.

Kabla ya ndege, Wainuit walisafiri hapa kwa sleji za mbwa, na umbali waliupima kwa idadi ya mara watakazolala njiani. Kipimo hicho kilikuwa na akili nyingi kuliko kilomita. Barafu ikiwa laini na mbwa wameshiba, mahali fulani ni malazi mawili. Barafu ikiwa imepandana na kuwa vilima, mahali hapohapo ni malazi matano. Tena hawakwenda kwa mstari ulionyooka. Kati ya Devon na Ellesmere kuna milango ya bahari ambamo mkondo wa maji ni mkali hata baridi kali ya Januari haiwezi kuyagandisha. Mmoja wake Wazungu waliuita Lango la Jehanamu. Mwenye sleji, na leo mwenye pikipiki ya theluji, lazima apazunguke, na kilomita 385 za ndege kwake huwa nyingi zaidi.

Katikati ya karne ya 19 kiongozi mmoja aitwaye Qillarsuaq aliondoka na watu wake kutoka kisiwa cha Baffin. Walipita Devon, wakapita Ellesmere, wakafika kaskazini magharibi ya Greenland. Walisafiri kwa miaka. Waliishi njiani, waliwinda njiani, watoto walizaliwa njiani. Walipofika waliwakuta jamaa zao wa mbali, Wainughuit, ambao walikuwa wamepoteza ujuzi wa mtumbwi wa ngozi, upinde na mshale, na mkuki wa kuvulia samaki, na wakawafundisha upya. Sijui kisa kingine cha safari kinachonifurahisha kama hiki.

Jina la Resolute nalo lina kisa chake. Ni jina la meli ya kivita ya Uingereza iliyotumwa kumtafuta mvumbuzi John Franklin aliyepotea na watu wake wote. Barafu iliikamata, na mwaka 1854 wakubwa wakaamuru iachwe. Mwaka uliofuata wavuvi wa nyangumi wa Marekani waliikuta karibu na kisiwa cha Baffin, haina mtu, imesukumwa na barafu na mikondo kwa kilomita 1,900 hivi. Mbao zake zilitengenezwa meza, na Malkia Victoria akampa rais wa Marekani mwaka 1880. Marais wengi wameifanyia kazi meza hiyo mpaka siku zetu.

Sasa niwasimulie kile kisa nilichowaahidi, na hapa naomba mtulie.

Wainuit wa kwanza wa vijiji hivi hawakuhamia kwa kupenda kwao. Mwaka 1953, na tena mwaka 1955, serikali ya Kanada ilichukua familia za Wainuit kutoka Inukjuak, kaskazini ya Quebec, karibu kilomita 2,000 kusini, ikazipakia melini na kuzipeleka huku. Pamoja nao walichukuliwa Wainuit wachache wa Pond Inlet, waliozoea zaidi maisha ya kaskazini, ili wawasaidie. Serikali ilisema huko wanyama wa kuwinda ni wengi na maisha yatakuwa bora. Waliohamishwa wameeleza kwa miaka mingi kwamba walitumika kama bendera: zilikuwa nyakati za vita baridi, na Kanada ilitaka watu wake waonekane wakiishi kwenye visiwa vile ili dunia isitie shaka kwamba ni vyake.

Waliahidiwa kwamba wasipopapenda watarudishwa nyumbani baada ya miaka miwili. Ahadi hiyo haikutimizwa. Na wakiwa tayari melini ndipo walipojua kwamba hawatashushwa mahali pamoja: wengine Resolute, wengine Ellesmere. Ndugu walitenganishwa pale pale. Walifika mahali pasipo na nyumba, wakaishi kwenye mahema huku baridi ikiingia. Inukjuak jua huonekana kila siku ya mwaka hata katikati ya majira ya baridi. Huku likazama na kukaa miezi mitatu bila kurudi, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuona giza la namna hiyo. Wanyama walikuwa tofauti, njia zao hazikujulikana. Kidogo kidogo, kwa njaa na kwa ujasiri, wakajifunza mahali ambapo nyangumi weupe hupita kila mwaka, na wakabaki hai.

Mfikirie basi kilomita 385 machoni pa mtu wa wakati ule. Dada yako yuko Resolute, wewe uko Ellesmere. Hakuna ndege ya kupanda. Meli huja mara moja kwa mwaka. Umbali ule ule tulioukokotoa kwa pembetatu kwao ulikuwa ukuta.

Walidai haki yao kwa miongo mingi. Kuanzia mwaka 1989 serikali iliwasaidia waliotaka kurudi Inukjuak, na baadhi walirudi, ingawa hapo walilazimika kuachana tena na watoto na wajukuu waliokuwa wameshaota mizizi kaskazini. Mwaka 1996 ulianzishwa mfuko wa fidia wa dola milioni 10 za Kanada. Tarehe 18 Agosti 2010 serikali iliomba radhi rasmi. Mwaka huohuo sanamu mbili zilizinduliwa. Ile ya Grise Fiord, iliyochongwa na Looty Pijamini, ni ya mwanamke na mtoto wake wa kiume na mbwa, wakitazama baharini. Ile ya Resolute, iliyochongwa na Simeonie Amagoalik, ni ya mwanamume aliye peke yake, anayetazama upande wa Grise Fiord. Wachongaji walizipanga hivyo makusudi, familia moja iliyokatwa vipande viwili.

Leo ndege zipo, na vijana wa vijiji hivi wana simu na intaneti. Lakini msije mkafikiri umbali umekwisha. Meli ya mizigo bado huja mwishoni mwa kiangazi, barafu inapofunguka, ikileta mafuta, magari, saruji na vyakula vya makopo vya mwaka mzima. Kila kitu kibichi, maziwa, mayai, mboga, huja kwa ndege, na bei yake dukani huonyesha hivyo hata serikali ikichangia gharama. Nyama ya sili na ya nyangumi inayowindwa hapohapo bado ni chakula cha kutegemewa, na wanakijiji hugawiana.

Na ugonjwa hausubiri. Kijiji kina kituo cha afya chenye wauguzi, lakini hospitali ya Nunavut iko Iqaluit, na Iqaluit ni karibu kilomita 1,580 kutoka Resolute, ukishafika Resolute. Mama mjamzito wa Grise Fiord kwa kawaida huondoka nyumbani wiki kadhaa kabla ya kujifungua. Huwaaga watoto wake wakubwa, hupanda Twin Otter kwa zile dakika 82, hubadilisha ndege, kisha hukaa Iqaluit akisubiri, mbali na mumewe na mama yake. Hesabu ya mwendo ingemwambia anaweza kuondoka asubuhi akawa hospitali kabla ya usiku. Anaondoka mapema hivyo kwa sababu hakuna rubani wala mtabiri wa hali ya hewa anayeweza kumhakikishia kwamba siku uchungu utakapomwanza, ukungu utakuwa umeinuka juu ya ile njia ya mita 500.